Karatasi za Ofisi Zinakwenda Wapi? Kuchagua Huduma ya Kuangamiza Nyaraka za Biashara

Tangu sheria ya mwaka 2008 ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki nchini kwetu, karatasi ndiyo imekuwa kifungashio cha soko. Karanga hufungwa kwa karatasi, mandazi hufungwa kwa karatasi, na sambusa vilevile. Jambo hilo ni jema na hatuandiki kulilaumu. Lakini aliyewahi kukunjua pakiti ya karanga baada ya kula, akasoma kilichoandikwa ndani, anafahamu tunachotaka kusema. Mara huwa ni karatasi ya mtihani wa mwanafunzi, mara ukurasa wa daftari la wageni wa nyumba ya kulala, mara fomu ya mkopo yenye jina, sahihi, namba ya simu na namba ya kitambulisho yenye tarakimu 16. Karatasi hiyo haikuibwa. Iliuzwa kwa kilo na mtu aliyeagizwa kusafisha stoo, naye hakuona ubaya wowote.

Katika mji wa mpakani jambo hili lina uzito wa pekee. Wanaovuka kila siku kati ya Gisenyi na Goma kupitia Petite Barrière na Grande Barrière huacha alama za maisha yao kila wanapopita. Nakala ya kitambulisho hubaki kwa wakala wa forodha, jina huandikwa katika daftari la kubadilishia fedha, saini huwekwa kwa wakala wa pesa za simu, picha ya pasi ya kusafiria hubaki katika kompyuta ya duka la fotokopi. Mama anayeuza mboga Goma asubuhi na kurudi Rugerero jioni huenda ameacha nakala za kitambulisho chake mahali kumi bila kukumbuka hata matano. Yeye hana uwezo wa kuzifuatilia. Mwenye wajibu wa kuzifuatilia ni yule aliyezipokea.

Tueleze kwanza namna madhara yanavyotokea, kwa maana wafanyabiashara wengi hutuambia kwamba karatasi kuukuu haina thamani kwa mwizi. Tapeli wa simu hafanikiwi kwa sababu ya ujuzi mkubwa. Hufanikiwa kwa sababu anajua jambo moja la kweli kukuhusu. Akikupigia na kukutajia jina lako kamili, namba ya kitambulisho chako, kiasi ulichokopa mwaka juzi na jina la mdhamini wako, utaamini kwamba anapiga kutoka katika taasisi iliyokukopesha. Hapo ndipo anapoomba namba ya siri, na hapo ndipo akiba ya miaka miwili inapoondoka kwa dakika mbili. Yote aliyoyasema yalikuwa katika karatasi moja. Ndiyo maana tunawasihi wananchi wapige *125# mara kwa mara ili kuona ni laini ngapi za simu zilizoandikishwa kwa kitambulisho chao, na wakiona namba wasiyoitambua wasiinyamazie.

Kuna pia hofu nyingine ambayo Mnyarwanda hahitaji kufundishwa. Vitambulisho vyenye kabila la mtu, vilivyoletwa na utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930, pamoja na orodha za majina na makazi, vilitumika kuwatafuta watu katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Orodha ya majina si kitu kidogo. Nasi tunaishi jirani na eneo ambalo watu hukimbia vita na kutafuta hifadhi upande huu, wengine wakiwa hawataki ijulikane walipolala. Mwenye nyumba ya wageni anayetupa daftari lake jalalani hajui nani ataliokota, wala anayeliokota anamtafuta nani.

Sasa sheria. Sheria Namba 058/2021 ya tarehe 13/10/2021 inayohusu ulinzi wa taarifa binafsi na faragha inamgusa kila anayekusanya taarifa za watu, si kampuni kubwa za Kigali peke yake. Shule inaguswa, zahanati inaguswa, Umurenge SACCO inaguswa, ushirika wa wafanyabiashara wa mpakani unaguswa. Msimamizi wa sheria hiyo ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao, yaani NCSA. Mambo manne ndani yake yanahusu moja kwa moja mada yetu. Taarifa za mtu hazipaswi kuhifadhiwa kupita muda unaohitajika kwa kazi zilizokusanyiwa. Ukimkabidhi mtu mwingine kazi yoyote juu ya taarifa hizo, hata kazi ya kuziangamiza, lazima pawepo mkataba wa maandishi. Taarifa zikivuja, unatakiwa kuijulisha mamlaka ndani ya saa 48 tangu ulipofahamu. La nne linatuhusu sisi wa mpakani kuliko wengine: taarifa hizo huhifadhiwa ndani ya Rwanda, na kuzipeleka nje kunahitaji kibali. Kwa hiyo anayepakia magunia ya karatasi za ofisi juu ya baiskeli na kuyavusha kwenda kuuzwa Goma kama vifungashio ajue kwamba, pamoja na karatasi, anavusha taarifa za watu.

Adhabu zake si za mzaha. Anayetoa au kusambaza taarifa za watu kinyume cha sheria hii anaweza kufungwa kati ya mwaka 1 na miaka 3 na kutozwa faini ya kati ya faranga 7,000,000 na 10,000,000, au mojawapo ya adhabu hizo. Zipo pia faini za kiutawala za kati ya faranga 2,000,000 na 5,000,000, na kwa kampuni faini hiyo yaweza kuhesabiwa kwa asilimia 1 ya mauzo yake ya mwaka uliotangulia. Duka la Rugerero likitozwa kiasi hicho litafungwa.

Kabla ya kutafuta wa kuangamiza, jiulizeni kama karatasi hiyo inaruhusiwa kuangamizwa. Vitabu vya hesabu na risiti zinazohusu kodi vina muda wa kuhifadhiwa, ambao kwa kawaida ni miaka 10. Muulizeni ofisa wa Mamlaka ya Mapato ya Rwanda kabla ya kugusa sanduku lolote. Kumbukumbu za taasisi za serikali zina utaratibu wake wa nyaraka za taifa na hazimhusu mfanyabiashara kuzifanyia uamuzi. Na jambo ambalo sisi polisi hatuwezi kuliacha bila kulitaja: biashara ikishajua kwamba kuna uchunguzi, malalamiko au kesi, mashine ya kukata karatasi izimwe. Kuharibu ushahidi ni kosa la jinai, na cheti kizuri cha kampuni ya kuangamiza nyaraka hakitamwokoa mtu aliyeitumia kuficha. Ni vyema kila ofisi iwe na daftari dogo linaloonyesha aina ya nyaraka, mwaka zilipoanza na mwaka zinaporuhusiwa kuondoka. Daftari hilo likiwepo, hakuna atakayeuliza kwa nini faili fulani halipo.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye kuchagua. Watu wengi hudhani kwamba kuchana kwa mkono kunatosha. Maofisa wa usalama wa Ujerumani Mashariki walidhani hivyo walipokuwa wakichana mafaili yao wakati utawala wao ukianguka. Vipande vyao vilijaza maelfu ya magunia, na tangu mwaka 1995 vimekuwa vikiunganishwa tena, kipande kwa kipande. Wengine hununua mashine inayokata karatasi kuwa mistari mirefu kama tambi. Mwaka 1979 ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulitumia mashine za namna hiyo, na waliouvamia waliokota mistari, wakaipanga kwa subira juu ya sakafu, wakachapisha vitabu kutokana nayo. Hata vipande vidogo zaidi si kinga kamili: mwaka 2011 shirika la utafiti la jeshi la Marekani, DARPA, lilitangaza shindano la kuunganisha nyaraka tano zilizokatwa kuwa vipande zaidi ya 10,000, na kikundi kilichoshinda kilimaliza kwa siku 33 na kupata dola 50,000.

Hatusemi kwamba kuna mtu wa Rugerero atakayetumia siku 33 juu ya karatasi zenu. Tunasema kwamba ukubwa wa kipande ndio unaoamua gharama ya mwizi. Kipimo kinachotumika kimataifa ni kile cha ISO/IEC 21964, kilichotokana na kipimo cha Kijerumani DIN 66399. Kwa karatasi kina ngazi saba, kuanzia P-1 hadi P-7. Katika ngazi ya P-4 kipande hakizidi milimita za mraba 160, yaani chembe ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Katika P-5 hakizidi 30. Kwa nakala za vitambulisho, fomu za mikopo na mafaili ya wagonjwa, sisi tungewashauri msikubali chini ya P-4. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kampuni yoyote ni hili: mashine yenu inakata kwa ngazi gani? Asiyeweza kujibu, au anayejibu kwamba "tunakata vizuri sana", mshukuruni na muendelee kutafuta.

Swali la pili ndilo ambalo watu hulipita haraka, nasi tunalipa uzito kuliko mengine yote. Kati ya mlango wa ofisi yenu na mdomo wa mashine, nani yuko na sanduku? Huduma hizi ni rahisi kuzipata Kigali kuliko hapa, na kutoka Rubavu kwenda Kigali ni kilomita zipatazo 150 za milima na kona. Sanduku laweza kupakiwa saa tatu asubuhi na kukatwa kesho yake jioni. Usiku huo lililala wapi? Gari lilisimama Musanze kwa chakula. Nani alibaki nalo? Dereva alibadilishwa njiani; mpya alihesabu masanduku au alipokea ufunguo tu? Huduma nzuri huja na masanduku yenye kufuli au mifuko yenye lakiri iliyoandikwa namba, huandika namba hizo mbele yenu, huweka saini ya kila anayepokea, na gari lake huwa limefungwa, si la wazi lenye turubai. Karatasi zikifika, namba hulinganishwa kabla lakiri haijakatwa. Iwapo kuna uwezekano wa kampuni kuja na mashine yake hadi mlangoni penu na kukata mbele ya macho yenu, chagueni hivyo hata kama bei imepanda kidogo. Mtume mtumishi asimame pale mpaka gunia la mwisho. Si kazi ya kumpa kijana aliyeanza juzi.

Msichague kwa bei peke yake, na msichague kampuni inayofanya kazi nyingine kisha ikajiongezea hii. Benki ya Morgan Stanley ya Marekani ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Ilikuwa imeipa kampuni ya kuhamisha na kuhifadhi mizigo, isiyo na uzoefu wowote wa kuangamiza data, kazi ya kuondoa vifaa vyake vya zamani vya kompyuta. Baadhi ya vifaa hivyo viliuzwa kwa mnada kwenye intaneti vikiwa bado na taarifa za wateja ndani yake. Mwezi Septemba 2022 msimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani aliitoza benki hiyo dola milioni 35, na wateja walioguswa walikuwa wapatao milioni 15. Angalieni aliyetozwa: ni benki, si kampuni ya mizigo. Aliyekusanya taarifa ndiye anayebeba lawama, hata kama kosa limefanywa na mikono aliyoikodi.

Kwa hiyo ombeni kuona usajili wa kampuni kwa NCSA, na mwombe mkataba wenye maneno ya wazi. Useme ni siku ngapi zinaruhusiwa kati ya kuchukua na kukata. Uwazuie kumpa mtu wa tatu kazi hiyo bila ruhusa yenu ya maandishi. Useme kwamba likitokea lolote watawaarifu mara moja, ili nanyi mpate kutimiza zile saa 48. Uwape haki ya kwenda kukagua bila kutangaza. Kisha ueleze chembechembe zinakwenda wapi: kiwanda cha kuchakata karatasi ni jibu zuri, "tunaziuza" si jibu. Mwisho wa kazi mnapaswa kupewa cheti chenye tarehe, mahali, uzito, namba za lakiri na jina la aliyesimamia. Cheti kisicho na namba za lakiri hakithibitishi kwamba kilichokatwa ni chenu.

Wafanyakazi wa kampuni hiyo nao ni sehemu ya swali. Je, wamechunguzwa rekodi zao kabla ya kuajiriwa? Wameweka saini ya kutunza siri? Wanaruhusiwa kuingia na simu katika chumba cha kukatia? Simu yenye kamera huweza kufanya kwa sekunde tatu kile ambacho mashine ilikusudiwa kukizuia.

Tunafahamu kwamba mwenye duka dogo la fotokopi hawezi kukodi gari kutoka Kigali kwa ajili ya masanduku mawili kwa mwaka. Zipo njia. Maduka kumi ya mtaa mmoja, au ushirika wenye wanachama wengi, yanaweza kupanga siku moja kwa mwaka na kulipia safari moja kwa pamoja, kila mmoja akiwa na sanduku lake lililofungwa na cheti chake. Ushirika unaweza pia kununua mashine moja inayokata chembechembe, ikakaa katika chumba chenye kufuli na daftari la matumizi. Asiye na hata hilo anaweza kuzichana karatasi, kuzitia katika pipa la maji kwa siku kadhaa na kuzikoroga mpaka ziwe uji usio na herufi hata moja. Uji huo hukandamizwa na kukaushwa kuwa makaa ya karatasi. Usimwagwe katika mto Sebeya wala katika mifereji, ambayo tayari ina mzigo wake. Na msizichome nyuma ya nyumba: sheria ya mazingira ya mwaka 2018 haikubali uchomaji holela wa taka, na zaidi ya hayo bunda la karatasi lililobanana huungua pembeni tu, kurasa za katikati zikabaki zinasomeka.

Maji peke yake bila kukoroga hayatoshi pia. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, Sebeya ilipofurika na kuingia katika nyumba za watu, karatasi nyingi zilihesabiwa kuwa zimeharibika. Karatasi iliyolowa ikianikwa juani siku mbili husomeka tena. Baada ya mafuriko, kama ilivyokuwa baada ya matetemeko yaliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, haraka ya kuhama na kusafisha ndiyo humfanya mtu atoe nje mafaili yote pamoja na matofali yaliyovunjika. Biashara iliyo katika bonde la Sebeya ingefaa iamue mapema ni kabati lipi linahamishwa kwanza.

Neno fupi kuhusu vifaa. Mashine nyingi kubwa za fotokopi zina diski ndani, na diski hiyo hutunza picha za kilichonakiliwa. Ikiuzwa au kurudishwa kwa aliyeikodisha, diski ifutwe kwanza au itolewe. Kompyuta, simu na flashi zilizochakaa zipelekwe kwa wenye idhini ya taka za kielektroniki, ambao kiwanda chao kikubwa nchini kiko Bugesera, na mdai uthibitisho wa kufutwa kwa data. Nanyi wenye maduka ya fotokopi na huduma za Irembo, futeni kila jioni pasi na vitambulisho mlivyotumiwa kwa WhatsApp. Mteja alikupa picha hiyo kwa kazi ya dakika kumi.

Mnaweza kuanza wiki hii kwa kufungua stoo na kutenganisha marundo mawili, ya kuhifadhi na ya kuondoka, kisha kulifungia kwa ufunguo rundo la pili hadi mtakapopata huduma inayojibu maswali haya. Zungumzeni na muuza karanga aliye karibu nanyi pia. Wengi wao wako tayari kutumia magazeti au karatasi mpya za khaki wakielezwa sababu. Atakayeona nyaraka za watu zimetupwa au zikiuzwa sokoni asizisome wala kuzipiga picha za kusambaza. Azifunike, kisha apige simu ya polisi namba 112 bila malipo. Aliyekwisha kutapeliwa kwa kutumia taarifa zake apige 166 ya Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, akiwa na namba iliyompigia na saa aliyopigiwa, na mwenye biashara anayeshuku kwamba taarifa zake zimevuja aijulishe NCSA siku hiyohiyo, kwa kuwa saa 48 zinaanza kuhesabiwa pale alipofahamu.